Bi Mkubwa wa Pipa la Tatu

12 Februari

Mdogo wangu Kwanini,

Salamu nyingi kutoka huku, na za mama zikiwa juu ya zote. Sisi wazima. Goti la mama linamsumbua asubuhi tu; ikifika mchana anasahau kwamba ana goti, anapanda ngazi zetu zote huku akiniambia mimi ndiye niliyezeeka. Wifi yangu hajambo? Tumbo limefikia wapi? Mwambie shangazi mtu anasubiri kwa hamu, na mtoto akiwa wa kike nataka awe na masikio ya kwetu, si ya kwao. Hilo la masikio usimwambie.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu wewe husema "ndiyo dada, ndiyo dada" huku unafanya mambo yako. Barua utaisoma umekaa.

Basi kaa vizuri. Dada yako sasa ni mkuu wa vipimo wa kiwanda kizima. Si kaimu, si msaidizi. Kila geji, kila kipimajoto, kila mita na kila vali inayofunguka na kujifunga yenyewe humu ndani iko mikononi mwangu. Meneja alipotangaza, mafundi bomba walipiga makofi mpaka nikaona haya. Na yule mwendesha mitambo wa pipa la tatu, mojawapo ya yale tunamopikia makopo kwa mvuke, ambaye hajamsifu mtu tangu azaliwe, akanyanyua kofia yake na kusema, kwa jina langu la utani la kazini, "Mama Mshale, leo nimekubali." Nilijikaza nisilie. Nililia chooni.

Hii haitakuwa furaha ya maneno matupu. Tumepata oda kubwa ya maharage ya makopo, ya shule za bweni, na makopo yake yamejaa ghalani yanasubiri malori. Mnunuzi ameweka sharti moja: vipimo vya mapipa ya mvuke vikaguliwe kwanza na maabara inayotambulika. Maabara inayotambulika ni yenu. Nilipomwambia meneja kwamba mdogo wangu wa tumbo moja ndiye anayekagua vipimajoto huko, alicheka, akasema, basi hapo hatuna wasiwasi.

Kwa hiyo sanduku linakuja. Ndani yake kuna vipimajoto vya mapipa yote manne. Mkubwa kuliko wote, mwenye uso wa duara kama sahani, anaitwa Bi Mkubwa, wa pipa la tatu. Mshike kwa adabu. Sisi humu tukisikia vipimo viwili vinabishana, tunamwangalia yeye, na neno lake ndilo la mwisho. Utawakuta wote safi, wamenyooka. Wakague wewe mwenyewe, usimwachie mtu mwingine.

Mama anasema ule.

Dada yako, mkuu wa vipimo (nimeandika makusudi)


9 Machi

Dada mpendwa, mheshimiwa mkuu,

Shikamoo wewe, na shikamoo kwa mama. Habari kubwa kwanza: wa kike, na ana masikio ya kwao. Nimekagua mara mbili, sina la kufanya. Wifi yako anaendelea vizuri, analala mtoto akilala, yaani halali. Wenzangu kazini walitaka nimlete apimwe kwenye mizani yetu ya maabara, wakidai ile ya hospitali haina cheti. Mama yake amesema tukimgusa atatuonyesha.

Dada, nimejivuna na cheo chako mpaka watu wananikwepa. Nimemwambia mlinzi, nimemwambia mama wa kantini, nimemwambia hata fundi aliyekuja kurekebisha mlango. Na mimi nina langu dogo: tangu mwezi uliopita nimekabidhiwa muhuri. Sasa natia saini mwenyewe, sipeleki tena kwa mkubwa. Vyeti vyako vitakuwa miongoni mwa vya kwanza kutoka na jina langu chini.

Vitatu nimeshavitia saini na vimo humu. Vipimajoto vitatu vina makosa madogo, ya kawaida kwa kitu kinachoishi kwenye mvuke, na vyote viko ndani ya kiwango.

Bi Mkubwa amebaki kwangu. Nitakueleza kwa nini, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Nilimtumbukiza kwenye beseni letu la mafuta ya moto pamoja na kipimajoto chetu cha rejea, kile tunacholinganishia vingine vyote. Joto likapanda, naye akapanda nalo sawasawa, hatua kwa hatua, hakukosea popote. Hapo ndipo nilipoanza kukosa raha. Wenzake watatu wamechoka kidogo, yeye amerudi kama ametoka dukani leo? Nikamgeuza. Skrubu yake ya nyuma, ile ya kusogezea mshale, ina mikwaruzo mipya inayong'aa, na fimbo yake ya kuingia ndani ya pipa imepinda kidogo, kama imewahi kugongwa.

Unajua cheti chetu kina mistari miwili. Wa kwanza unasema kifaa kilivyokutwa, wa pili unasema kilivyoachwa. Ule wa pili hata mtoto wangu anaweza kuujaza. Wa kwanza ndio unaoeleza kilikuwa kinasema nini siku zote zile kikiwa kazini. Kifaa kikishaguswa kabla ya kufika kwangu, mstari huo sina cha kuandika.

Je, aliguswa, dada? Na kama aliguswa, kabla ya hapo alikuwa anasoma nini?

Mdogo wako, mwenye muhuri


16 Machi

Kwanini,

Hongera kwa mtoto. Mama amefurahi, anataka picha. Sisi wazima.

Nimepata vyeti vitatu. Bado kimoja. Wewe mwenyewe umeandika kwamba mshale umepanda sawasawa na wenu, haukukosea popote. Kama haukukosea, sijui unatafuta nini tena. Skrubu ni ya chuma, chuma hukwaruzika.

Pipa la tatu limesimama. Yule mwendesha mitambo anashinda amekaa juu ya ndoo, kila nikipita ananiuliza, "Vipi, Bi Mkubwa amepata mchumba huko?" na wenzake wanacheka. Meneja naye hacheki. Makopo yapo ghalani, malori yanapiga simu. Ananiuliza kila asubuhi kama kweli huyo ni ndugu yangu.

Mwezi wangu wa kwanza katika cheo, na anayenikwamisha ni wewe. Ungekuwa mtu baki ningeelewa.

Tia saini, umrudishe.

Dada yako


28 Aprili

Dada,

Shikamoo. Najua nimechelewa. Niliandika barua mbili nikazichana, ya kwanza kwa sababu ilikuwa na hasira, ya pili kwa sababu ilikuwa na uongo.

Mtoto anacheka sasa. Anacheka akiona feni ya ukutani, hajali kama inazunguka au imesimama. Picha nimeweka humu, mwambie mama asimwonyeshe yule jirani wa chini ambaye husema watoto wote wamefanana. Hapa kazini mambo ni ya kawaida tu.

Nilikaa nikifikiri nikutumie nini. Kusaini ni kazi ya dakika moja. Mshale ni sahihi, hakuna atakayenisuta. Lakini nimekuwa nikijiuliza swali moja tangu Machi, nalo halihusu geji. Linahusu makopo.

Maharage yaliyofungwa ndani ya kopo hayana wa kuyaonja tena mpaka siku ya kuliwa. Joto lisipofika pale linapotakiwa, vile vidudu visivyoonekana vinabaki hai humo ndani, na kopo likitoka kwenye pipa linang'aa sawa na mengine. Wewe ndiye uliyenieleza hayo, siku ile uliponipeleka kiwandani kwa mara ya kwanza na nikakuuliza kwa nini hamfungui moja mkaangalia. Kama Bi Mkubwa alikuwa akisema kweli, makopo yako ghalani ni mazima na mimi ni mdogo wako msumbufu tu. Kama alikuwa akitia chumvi, basi pipa la tatu limekuwa likipika mabichi. Mimi siwezi kujua. Mwenye kujua ni mmoja tu duniani, yule aliyeshika bisibisi.

Umeniandikia kwamba ningekuwa mtu baki ungeelewa. Dada, ningekuwa mtu baki ningesaini. Ningeona mshale umenyooka, ningegonga muhuri, ningekwenda kula. Nimeiona ile mikwaruzo kwa sababu nilikigeuza kifaa chako kukitazama nyuma, na nilikigeuza kwa sababu ni chako. Nilitaka kuwaonyesha wenzangu jinsi dada yangu anavyotunza vitu.

Sitasaini mstari wa kwanza bila neno lako. Ukinichukia kwa hilo, nitavumilia.

Mdogo wako anayekupenda


17 Mei

Mdogo wangu,

Mama mzima, goti bado linampa taabu. Picha ya mtoto ameibandika juu ya friji na jirani wa chini ameshapanda kuiona. Amesema amefanana na watoto wote. Mama hajamsemesha tangu Jumapili.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Kisha nikafanya kosa la kumsomea mama. Akakunja nguo zote zilizokuwa kwenye kiti, halafu akasema, "Huyu alianza kuuliza kwa nini kabla hajaota meno. Ukimjibu alikuwa ananyamaza. Kwani wewe hukumjibu?"

Nikampigia wifi simu kuuliza habari za mtoto. Yeye ndiye aliyeniambia lile ulilolificha kwa "mambo ni ya kawaida". Kwamba meneja wangu ameandika kulalamika kwa mkuu wako wa maabara. Kwamba mkuu wako amekuambia usaini au urudishe muhuri, na kwamba wewe umeuweka mezani mbele yake na kumwambia auchukue. Mwaka mzima uliusubiri muhuri ule, ukauweka mezani kwa ajili ya mstari mmoja. Na hukuniandikia.

Sasa nakuambia. Nilimgusa. Siku ya kufunga sanduku nilimpima hapa karakanani, nikakuta anasoma nyuzi tatu juu ya ukweli. Pipa likiwa halijafika, yeye anasema limefika. Nikajiambia ameteguka mkononi mwangu wakati wa kumng'oa. Nikachukua bisibisi, nikamnyoosha, nikamfuta vumbi, nikamfunga kwenye kitambaa. Sijawahi kufanya hivyo kwa kifaa chochote kinachokwenda kukaguliwa, wala mafundi wangu siwaruhusu. Nilifanya kwa sababu anakuja kwako. Sikutaka uone kitu cha dada yako kimekosea. Ni kama mtu anayempeleka mtoto kwa daktari, njiani anampa dawa ili asikohoe mbele yake.

Kuna zaidi. Tangu kikapu kimoja cha makopo kilipoyumba na kuigonga ile fimbo, mwaka jana mwishoni, sensa ya umeme, ile inayohisi joto la pipa na kulionyesha kwenye paneli, ilikuwa ikibishana naye. Ilikuwa inasema joto ni pungufu. Mimi nikairekebisha sensa imfuate Bi Mkubwa, maana yeye ndiye mkubwa. Ilikuwa imesema kweli, nikaifunga mdomo.

Asubuhi baada ya simu ile ya wifi nilikwenda kwa meneja. Alikuwa ameshapata maabara nyingine iliyokubali kusaini bila hata kumwona Bi Mkubwa, na malori yalikuwa yameitwa. Nikamwambia makopo ya pipa la tatu hayatoki. Akaniuliza nimeingiwa na nini. Nikamweleza yote, mlango ukiwa wazi na karani akisikia. Akauliza, "Kwa hiyo ulijua?" Nikasema, nilikijua kipimo, sikutaka kujua maana yake.

Tuliyatoa makopo ya kujaribia kutoka kila pipa, tukayaweka kwenye chumba chenye joto, tukasubiri. Mwendesha mitambo na mimi tulikuwa tukiingia kila zamu kuyapapasa mifuniko. Mwanzoni yalikuwa sawa. Kisha akaniita, akanishika mkono akauweka juu ya kopo moja. Mfuniko ulikuwa umevimba kwa hewa ya vidudu vilivyobaki hai. Siku zilizofuata yakavimba mengine. Yote ya pipa la tatu, hakuna hata moja la mapipa mengine.

Tangu fimbo ile igongwe pipa la tatu limepika oda hii tu, na hakuna kopo lake lililotoka nje ya geti, mdogo wangu. Yalikuwa yanasubiri cheti. Yalikuwa yanakusubiri wewe.

Tumeyafukia yote ya pipa la tatu. Nilishika koleo pamoja na wengine, ingawa meneja alisema si kazi yangu. Ukuu ameusimamisha mpaka aamue, na sikubishana naye. Nimeisimamia kazi hii miaka mingi kwa kichwa kilichovimba kuliko yale makopo. Lakini nilipokuwa kwenye shimo lile, nikitokwa jasho, mwendesha mitambo aliniuliza, "Huyo mdogo wako ni mtu wa namna gani?" Sikumbuki lini nimewahi kujibu swali kwa raha kiasi kile.

Mstari wako wa kwanza huu hapa: nyuzi tatu juu. Andika kwamba nimesema mimi.

Dada yako


6 Juni

Dada yangu,

Shikamoo mara nyingi. Wifi yako anaomba radhi kwa mdomo wake, lakini simwoni akijuta.

Barua yako niliisomea stoo ya vifaa, nyuma ya rafu za mita za maji, kwa sababu sikutaka wenzangu waone uso wangu. Nililia, dada. Sio kwa huzuni.

Kisha nikampelekea mkuu wa maabara. Nilimwambia nataka kuujaza mstari wa kwanza kwa maelezo ya fundi wa kiwanda. Akasema haijawahi kutokea, hakuna kiwanda kinacholeta maelezo ya kujiangusha chenyewe, na kwamba maabara haiwezi kuandika neno la mtu ambaye haimfahamu. Nikamwambia mimi namfahamu. Akaisoma barua yako mpaka chini, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Halafu akafungua mtoto wa meza na kunirudishia muhuri. Alisema, "Kama mafundi wote wangeandika hivi, ningelala vizuri zaidi."

Fimbo nimeibadilisha. Nimemkagua upya mbele ya mkuu mwenyewe. Bi Mkubwa anarudi kwenu mzima, na cheti chake kimo humu. Mstari wa kwanza: nyuzi tatu juu, kwa maelezo ya fundi, ameshindwa. Mstari wa pili: amefaulu. Ni cheti cha kwanza cha kushindwa nilichotia saini, na nimekitia bila kusita, maana nilijua kinakwenda kwa nani.

Unisamehe kwa pipa lililosimama. Kwa mengine sikuombi msamaha.

Mdogo wako


21 Agosti

Mdogo wangu,

Mama anakusalimia. Amepata fimbo ya kutembelea na anaitumia kunionyesha mahali ambapo sijafagia. Mtoto amechukua tabasamu la kwetu, hayo masikio nimeyasamehe.

Ukuu bado haujarudi, sijauulizia. Kazi ninayo, mikono ninayo. Nimeandika sharti jipya la karakana, na meneja amelitia saini: kifaa kinachokwenda kukaguliwa hakifutwi, hakinyooshwi, kinasafiri na vumbi lake. Mafundi wanalalamika kwamba masanduku yetu yanatia aibu. Nawaambia waache yatie.

Cheti chako nimekiweka kwenye fremu, nimekitundika ukutani kando ya pipa la tatu, pale mvuke usipofika. Meneja hakupenda. Alisema wageni wataona neno "ameshindwa". Nikamwambia ndiyo, wataona.

Wiki iliyopita mnunuzi alimtuma mkaguzi wake, mama mmoja mwenye koti jeupe na maneno machache. Oda ile ya shule ilikuwa mikononi mwake. Akikataa, zamu nzima inakwenda nyumbani. Alipita mapipa yote. Alipofika kwenye fremu akasimama. Meneja akaanza kumweleza habari za rangi mpya ya ghala. Yeye akainua mkono kumnyamazisha, akasoma kila mstari.

"Nani ametundika hii?" akauliza.

Nikasema, "Mimi. Hayo maelezo ya fundi ni yangu."

"Na aliyetia saini?"

"Mdogo wangu. Tumbo moja."

Akanigeukia. "Alikuandikia umeshindwa, na anajua wewe ni dada yake?"

"Anajua," nikasema. "Ndiyo maana aliandika."

Akatoa kalamu, akaegemeza karatasi zake kwenye ukuta ule ule, chini ya jina lako, na akaisaini oda yote.

Meneja alipumua mpaka nikasikia. Mimi sikuwa nikiwaza oda wakati ule. Nilikuwa nimesimama katikati ya kiwanda, na buti zangu chafu, na bisibisi mfukoni, mtu aliyeshindwa kwa maandishi mbele ya wote, na katika maisha yangu sijawahi kusimama nimenyooka namna ile.

Dada yako, anayejivunia wewe kuliko cheo chochote